Maneno Matano kwa Siku: Msamiati wa Kiingereza na Mtihani Unaoamua Nani Aingie Chuo

Kila mwaka, ikifika Mei, wadogo zetu wa kidato cha sita wanaingia kwenye chumba cha mtihani. Historia wameisoma, Jiografia wameisoma, Biolojia wamekesha nayo mpaka macho yakawa mekundu. Lakini kabla mtihani haujapima kama wanaijua Biolojia, unapima kwanza kama wameelewa swali, na swali, ukiacha somo la Kiswahili na masomo mengine machache ya lugha, limeandikwa kwa Kiingereza. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ukizisoma unakuta sababu moja inarudi mara kwa mara kwenye masomo mbalimbali: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, au alielewa lakini hakuwa na maneno ya kujieleza.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nimeshaingia chuo, hayo ya kidato cha sita yananihusu nini?" Yanakuhusu kwa njia tatu. Kwanza, una mdogo wako nyumbani, na ukirudi likizo yeye ndiye atakayekuuliza. Pili, ukitaka kwenda kusoma shahada ya pili nje, unaweza kukutana na IELTS, TOEFL au GRE, na hiyo nayo ni mitihani ya kuingia chuo. Tatu, sisi tunaosoma ualimu, miaka michache ijayo tutakuwa mbele ya darasa la kidato cha kwanza lililotoka kusoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, na sisi ndio tutakaotarajiwa kulivusha.

Makala hii basi inaeleza msamiati unajengwaje. Siyo kutema yai mbele za watu, hapana. Nazungumzia maneno yanayokaa kichwani na kutokea siku ya mtihani.

Hesabu ya maneno

Tuanze na hesabu, maana wengi tunakata tamaa kwa sababu tunadhani Kiingereza ni bahari isiyo na ng'ambo. Kamusi kubwa ina maneno malaki, ni kweli. Ila maneno hayatumiki kwa usawa. Machache yanatumika kila sentensi, na mengi mno yanaonekana mara moja moja kama mvua ya Dodoma.

Mwaka 1953 mwalimu Mwingereza, Michael West, alitoa orodha ya maneno takribani 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Mwaka 2000 mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, akachukua maandiko ya kitaaluma yenye maneno kama milioni 3.5, ya sheria, sayansi, biashara na sanaa, akahesabu. Akakuta orodha ya West peke yake inabeba karibu maneno 76 katika kila maneno 100 ya maandiko hayo. Kisha akatoa orodha yake ya familia za maneno 570 yanayojirudia kwenye taaluma zote, nayo ikabeba maneno mengine 10 katika kila 100. Ndani yake kuna maneno kama "analyse", "assess", "assume", "concept", "evidence", "factor" na "significant". Yaangalie vizuri. Ndiyo hayo hayo yanayojaa kwenye mitihani yetu.

Sasa angalia maana ya asilimia hizo kwa msomaji. Ukijua maneno 80 katika kila 100, katika kila maneno matano kuna moja usilolijua. Mstari wa kitabu una maneno kumi na kitu, kwa hiyo kila mstari una mashimo mawili. Hapo husomi, unakisia. Ukijua 95, unakosa neno moja katika ishirini, na unaanza kufuata hoja. Ukijua 98, unakosa moja katika hamsini, na hilo moja utalibahatisha kutokana na sentensi inayolizunguka. Paul Nation, profesa wa Wellington aliyetumia maisha yake kwenye utafiti wa msamiati, alikadiria mwaka 2006 kwamba kufikia 98 kwenye maandishi ya kawaida kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Ni nyingi, lakini zinahesabika.

Funzo la hesabu hii ni kwamba mpangilio ni muhimu. Mwanafunzi ambaye hajashika maneno 2,000 ya mwanzo asianze kukariri maneno ya kibombastiki ya kwenye debate. Tunawajua wale wa kidato cha tano wanaosimama na kutaja neno lenye herufi ishirini na tisa, ukumbi mzima ukashangilia, halafu kwenye karatasi wanashindwa kutofautisha "affect" na "effect". Maneno ya kawaida kwanza, ya kitaaluma yafuate, yale ya somo lenyewe yaende sambamba na somo. Mibombastiki inaweza kusubiri.

Maneno yanayoamrisha

Kuna kundi dogo la maneno ambalo mtahiniwa akilikosa, mengine yote hayamsaidii. Ni vitenzi vinavyoanza swali. "Outline" inataka hoja kuu kwa ufupi, bila maelezo marefu. "Distinguish" inataka tofauti, tena tofauti zilizopangwa bega kwa bega, siyo aya moja ya kitu hiki na aya nyingine ya kile. "Justify" inakupa kauli na kukutaka uitetee. "Assess" inataka upime uzito, yaani useme wapi ni kweli na wapi siyo. "To what extent" inauliza kwa kiasi gani, na anayejibu upande mmoja tu amejibu nusu ya swali.

Halafu kuna "account for". Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliwapa kidato cha tatu swali la Historia lililowataka wa-"account for" kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Binti mmoja, mwenye bidii kweli kweli, aliandika kurasa mbili za kusimulia biashara hiyo ilivyoendeshwa: misafara, masoko, meli. Mwandiko mzuri, Kiingereza cha kueleweka, na kwa swali lile alama zake zilikuwa chache mno. Nilimwita mezani nikamuuliza kwa Kiswahili, "Kwa nini biashara ya utumwa ilikomeshwa?" Akataja mapinduzi ya viwanda, akataja wanaharakati wa kibinadamu, akataja mahitaji ya malighafi na masoko, hoja tano mfululizo bila kushusha pumzi. Kisha akaniangalia: "Kumbe ndivyo walivyokuwa wanauliza, madam?"

Binti yule hakukosa Historia. Alikosa maneno mawili. Mengi tunayoyaita "wanafunzi siku hizi hawasomi" yamejificha humo.

Vitenzi hivi vya mtihani havizidi thelathini. Chukua karatasi za mitihani ya nyuma za miaka mitano, pigia mstari kitenzi cha kila swali, kisha andika kwa Kiswahili kazi ambayo kila kimoja kinataka ifanyike. Ni kazi ya jioni mbili pale kwenye kimbweta, na mdogo wako anaweza kuifanya mwenyewe.

Kiswahili siyo adui

Wengi tumepita shule zenye bango la kuamuru Kiingereza tu, na wengine tumebebeshwa kitu shingoni kwa kosa la kusema "naomba kalamu". Tukatoka tukiamini kwamba Kiswahili ndicho kinachozuia Kiingereza kuingia. Tunaosoma lugha tunajua siyo hivyo. Kwa neno jipya, tafsiri fupi ya Kiswahili ndiyo njia ya haraka ya kushika maana. Sentensi za Kiingereza zitakuja baadaye kuinyoosha. Ndiyo maana Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI inastahili kukaa mezani bila aibu, na pembeni yake kamusi ya wajifunzao Kiingereza, yenye mifano ya sentensi.

Lakini Kiswahili kinatusaidia zaidi ya tafsiri, kwa mambo matatu.

La kwanza ni unyambulishaji. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba "soma", "somo", "msomaji", "usomaji", "someka" na "somesha" ni ukoo mmoja. Hakufundishwa kila neno peke yake. Anashika shina, viambishi anavijua. Kiingereza nacho kina koo. "Educate" inazaa "education", "educator", "educational" na "educated". Tofauti ni kwamba Kiswahili hubadilisha mbele na nyuma, wakati Kiingereza aina ya neno hubadilika zaidi kwa mkia: "-tion" na "-ment" zinatengeneza nomino, "-ise" na "-ify" vitenzi, "-ous" na "-able" vivumishi, "-ly" vielezi. Kwa hiyo usiandike neno moja kwenye daftari. Andika ukoo. Ukilipata "analyse", chukua na "analysis", "analyst" na "analytical". Ndiyo maana watafiti wanahesabu familia.

Ndani ya mashina hayo mengi kuna Kilatini na Kigiriki. "Port" ni kubeba: "import", "export", "transport", "portable". "Spect" ni kutazama: "inspect", "spectator", "prospect". "Dict" ni kusema: "predict", "contradict", "dictate". Vingine tayari tunavyo kwenye Kiswahili bila kujua: anayejua biolojia, jiolojia, saikolojia na teknolojia ameshashika "-logy". Ila tahadhari, mashina ni kidokezo tu, siyo hukumu. "Invaluable" haina maana ya kitu kisicho na thamani. Ni kitu cha thamani kubwa mno. Na "inflammable" ni kitu kinachoshika moto, usije ukakiweka karibu na jiko.

La pili ni maneno yanayotembea pamoja. Kwa Kiswahili tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga deki, tunapiga kura, na hakuna aliyeumizwa. Mgeni akiuliza kwa nini ni "piga", tunamwambia ndivyo tunavyosema. Kiingereza kina "piga" zake. Uamuzi "unatengenezwa", yaani "make a decision". Picha "inachukuliwa", "take a photo". Kura "inatupwa", "cast a vote". Utafiti "unaendeshwa", "conduct research". Anayejifunza neno peke yake ataandika "do a decision", na msahihishaji atajua papo hapo. Jifunze neno na mwenzake.

La tatu ni maneno yaliyobadilika njiani. Neno "hoteli" kwetu linaweza kuwa banda la mama anayeuza wali maharage, lakini "hotel" ya Kiingereza ni mahali pa kulala. "Skonsi" tunayokunywea chai siyo "scone" ya Uingereza. Nao walipochukua "safari" yetu waliifanya iwe ya kutazama wanyama tu, wakati sisi hata kwenda Kibaha kwa daladala ni safari. Neno likifanana, liulize kwanza limetoka wapi na sasa linamaanisha nini.

Kukesha hakusaidii

Sasa tuje kwenye kukariri. Wote tunajua utaratibu wetu: wiki moja kabla ya UE mtu anapiga msuli usiku kucha, anamaliza madesa yote, anafanya mtihani, na wiki mbili baadaye hakumbuki hata kichwa cha somo. Kwa masomo mengine unaweza kuponea chupuchupu. Kwa msamiati, huponi.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilithibitisha hilo zamani. Alijikaririsha silabi zisizo na maana, akajipima baada ya muda tofauti tofauti, na mwaka 1885 akachapisha matokeo. Kusahau kunaenda kasi sana mwanzoni. Baada ya siku moja sehemu kubwa ilishapotea. Lakini kila alipojifunza tena, kazi ilikuwa nyepesi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo siri iko kwenye kurudia kwa vipindi, na kipindi kinarefuka kila unapofaulu: kesho, siku tatu baadaye, wiki, wiki mbili, mwezi.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia ya kufanya hivyo kwa kadi na boksi lenye vyumba, na kwetu inawezekana kwa bahasha tano. Kata karatasi ngumu ziwe kadi ndogo. Upande mmoja andika neno na sentensi yake, upande wa pili maana na ukoo wake. Kadi mpya zinakaa bahasha ya kwanza, unazipitia kila siku. Ukikumbuka, kadi inapanda bahasha ya pili, utaiona baada ya siku tatu. Ukikumbuka tena, inapanda ya tatu, baada ya wiki. Ukisahau, hata kama ilishafika ya nne, inarudi ya kwanza. Hivyo muda wako unaenda kwenye maneno magumu, siyo yale unayoyajua tayari. Mwenye simu janja anaweza kupata programu zinazofanya kazi hiyo hiyo bure, lakini bahasha hazihitaji bando.

Jambo la muhimu ni kujiuliza kabla ya kugeuza kadi. Kuisoma tu pande zote mbili hakutoshi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Baadhi wakairudia kuisoma, wengine wakajipima bila kuiangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kusoma tena kunatupa hisia ya kujua, na hisia hiyo haikai.

Sasa fanya hesabu. Maneno matano mapya kwa siku, kwa familia 570 za Coxhead, ni siku 114. Haifiki miezi minne. Mwanafunzi wa kidato cha tano akianza leo, atakuwa amemaliza kabla hajaingia kidato cha sita, na bado ana muda wa kurudia.

Soma kitu unachokielewa

Kadi zinakupa maana. Kusoma kunakupa matumizi. Neno linahitaji kuonekana mara nyingi, kwenye sentensi tofauti, mpaka liache kuwa geni. Ila hapa tunakosea kwa kuchagua vitabu. Mtu anajilazimisha riwaya nzito, anafungua kamusi mara kumi kwa ukurasa, na ukurasa wa nne anaacha. Pima hivi: soma ukurasa mmoja, hesabu maneno usiyoyajua. Yakizidi kumi, weka kitabu pembeni, siyo chako bado. Yakiwa matano au chini ya hapo, endelea. Hadithi fupi zilizorahisishwa, habari za michezo kwenye magazeti ya Kiingereza, hata maelezo ya mechi uliyokwisha kuiangalia, yote yanafaa, kwa sababu habari unaijua na maneno yanaeleweka kwa urahisi.

Kisha andika. Kila jioni sentensi tatu zenye maneno ya siku ile, zihusu maisha yako: foleni ya mgahawa, boom lililochelewa, mwenza wa chumbani anayekoroma. Neno ulilolitumia kulalamikia boom halisahauliki upesi.

Kwa wanaoelekea nje

Mitihani ya kimataifa nayo inakwenda njia hiyo. SAT ya Marekani zamani ilikuwa na maswali ya kulinganisha maneno mawili mawili. Yaliondolewa mwaka 2005. Mwaka 2016 yakaondolewa na yale ya kujaza sentensi kwa maneno adimu, na sasa inauliza maana ya neno ndani ya aya. GRE bado inapenda maneno magumu, lakini nayo inayaweka kwenye sentensi, na jibu linatafutwa kwa kufuata viunganishi kama "although" na "hence".

IELTS inakupa dakika 60, maswali 40 na habari tatu za kusoma. Mtego wake mkubwa ni visawe. Swali litasema "children", habari itasema "the young". Swali litasema "increase", habari itasema "a sharp rise". Anayetafuta neno lile lile kwa macho atazunguka mpaka muda uishe. Kwenye kuandika na kuzungumza, msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vya kutoa alama, na wanachokitafuta ni neno sahihi mahali pake, siyo neno refu.

Tukirudi likizo

Mjadala wa lugha ya kufundishia hautaisha leo, na mimi nina msimamo wangu: mtoto anaelewa zaidi kwa lugha anayoijua. Lakini sera ikibadilika au isibadilike, mwezi Mei unakuja, na karatasi itakuwa kwa Kiingereza. Dogo aliyeko Songea au Kigoma, ambaye shule yake haina maktaba, hawezi kusubiri mjadala uishe.

Likizo hii, pamoja na zawadi utakayombebea mdogo wako, beba bahasha tano na orodha ya vitenzi vya mtihani. Kaa naye siku mbili, mwoneshe kadi zinavyopanda na kushuka, kisha mwachie. Mpigie mara moja kwa wiki, umuulize maneno kumi kwa simu. Na wewe mwenyewe anza na yako, maana ukimuuliza, na yeye atakuuliza.